UZI: Anguilla, kisiwa kilichoasi ili kibaki chini ya Uingereza, na jinsi kinavyotawaliwa leo

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kila tunapogusia maeneo yaliyobaki chini ya mataifa ya Ulaya, kuna anayeuliza kwa mshangao inakuwaje watu wakubali kutawaliwa na nchi ya mbali katika karne hii. Swali ni la haki, lakini mara nyingi hujibiwa kwa jumla mno, kana kwamba maeneo hayo yote yana historia moja na katiba moja. Naomba leo tuchukue mahali pamoja, Anguilla, tuichambue serikali yake kwa kina. Nimeichagua kwa sababu muundo wake hauwezi kueleweka bila kujua kilichotokea huko kati ya mwaka 1967 na 1969, na kilichotokea hakifanani na habari za kupigania uhuru tulizozoea.

Anguilla ni kisiwa kirefu na chembamba, chenye kilomita za mraba 91 na wakazi wapatao 15,000, katika Karibi ya mashariki, kaskazini ya kisiwa cha Saint Martin. Mji mkuu ni The Valley. Ardhi yake ni ya chokaa, mvua ni haba, na kwa sababu hiyo kilimo kikubwa cha miwa hakikushika mizizi kama katika visiwa jirani. Baada ya utumwa kufutwa, wengi wa waliokuwa watumwa walipata vipande vyao vya ardhi, wakaishi kwa uvuvi, ujenzi wa mashua, chumvi na vibarua vya ng'ambo. Nalitaja hili mapema kwa kuwa watu wenye ardhi yao na mashua zao hawakuwa wepesi wa kuamriwa na mji wa kisiwa kingine.

Mwaka 1825 Uingereza iliifunga Anguilla kisheria na Saint Kitts, kisiwa kilichoko zaidi ya kilomita 100 kusini. Waanguilla hawakuupenda muungano huo tangu mwanzo, na mwaka 1872 walipeleka ombi London wakitaka watawaliwe moja kwa moja na Uingereza. Ombi halikusikilizwa. Baadaye Nevis nayo ikaingizwa, vikawa visiwa vitatu chini ya utawala mmoja wenye makao yake Basseterre, Saint Kitts. Miaka ilipita, na Anguilla ikabaki bila umeme wa umma na bila barabara za maana, huku maamuzi na fedha vikiwa Basseterre.

Tarehe 27 Februari 1967 Uingereza iliipa Saint Kitts, Nevis na Anguilla hadhi ya dola shirikishi, yaani kujitawala katika mambo yote ya ndani, London ikibakiwa na ulinzi na mambo ya nje tu. Premia, yaani mkuu wa serikali ya dola hiyo, alikuwa Robert Bradshaw wa Saint Kitts. Kwa Waanguilla, maana yake ilikuwa kwamba mlango wa kukatia rufaa London unafungwa na wanabaki mikononi mwa Basseterre. Tarehe 30 Mei 1967 waliwafukuza polisi wa Saint Kitts kutoka kisiwani. Tarehe 11 Julai walipiga kura ya maoni: waliotaka kujitenga na Saint Kitts walikuwa 1,813, waliokataa walikuwa 5. Februari 1969, baada ya mazungumzo kukwama, walipiga kura nyingine ya kujitangaza jamhuri, 1,739 kwa 4. Mwezi uliofuata walimfukuza William Whitlock, naibu waziri wa Uingereza aliyekuja na mapendekezo, na tarehe 19 Machi 1969 London ilituma askari wa miamvuli pamoja na polisi wa jiji la London kukitwaa kisiwa. Hakuna aliyewapinga kwa silaha. Wahandisi wa jeshi wakaanza kujenga barabara.

Ronald Webster, aliyekuwa kiongozi wa harakati hizo, aliishia kupata kile ambacho kisiwa kilikuwa kikikitaka tangu karne ya 19. Sheria ya Anguilla ya mwaka 1971 ilikirudisha kisiwa chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa Uingereza. Mwaka 1976 kikapata katiba yake na Webster akawa Waziri Kiongozi wa kwanza. Tarehe 19 Desemba 1980 kikatenganishwa rasmi na Saint Kitts. Katiba inayotumika sasa ilianza tarehe 1 Aprili 1982, na imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, makubwa zaidi yakiwa ya mwaka 2019.

Hoja yangu katika uzi huu ni moja. Katiba ya Anguilla ni makubaliano ya watu waliomwogopa jirani kuliko walivyomwogopa mtawala wa mbali, na gharama ya makubaliano hayo imeandikwa ndani ya kila ofisi ya serikali yao. Nitaeleza ofisi hizo, kisha tujadili.

Mkuu wa nchi ni Mfalme wa Uingereza. Anayemwakilisha kisiwani ni Gavana, anayeteuliwa kwa ushauri wa serikali ya London. Tangu mwaka 2023 kiti hicho anakikalia Julia Crouch. Gavana si pambo la sherehe kama walivyo wawakilishi wa Mfalme katika nchi huru za Karibi. Katiba inamwachia mikononi mwake ulinzi, mambo ya nje, usalama wa ndani pamoja na jeshi la polisi, uteuzi na nidhamu ya watumishi wa umma, na huduma za kifedha za kimataifa. Katika mambo mengine yote anapaswa kufuata ushauri wa Baraza la Utendaji, ambalo ndilo baraza la mawaziri la huko. Lakini angalieni jambo hili: mwenyekiti wa Baraza hilo ni Gavana mwenyewe. Mawaziri waliochaguliwa na wananchi wanakutana katika kikao kinachoongozwa na mtu ambaye hakuna mwananchi aliyempigia kura.

Ndani ya Baraza wamo Premia, ambaye hadi mwaka 2019 cheo chake kilikuwa Waziri Kiongozi, mawaziri wake, na wajumbe wawili wanaoingia kwa nyadhifa zao, yaani Naibu Gavana na Mwanasheria Mkuu. Naibu Gavana husimamia utumishi wa umma siku kwa siku, na kwa desturi ni mtu wa kisiwani. Hao wawili huingia pia katika Bunge. Bunge lenyewe lina wajumbe 11 wa kuchaguliwa: 7 kutoka majimbo, na 4 wanaochaguliwa na kisiwa kizima. Spika husimamia vikao, na muda wa Bunge ni miaka mitano. Miswada ikipita hupelekwa kwa Gavana kwa ridhaa, na London inabaki na uwezo wa kuibatilisha sheria hata baada ya ridhaa hiyo.

Mahakama nazo zimepangwa kwa njia ya kuvutia, lakini nitazigusa kwa ufupi. Kesi ndogo huishia kwa hakimu mkazi. Kesi kubwa huenda Mahakama Kuu, ambayo ni sehemu ya Mahakama ya Juu ya Karibi ya Mashariki, chombo cha pamoja cha nchi huru sita na maeneo matatu ya Uingereza, chenye makao yake Castries, Saint Lucia. Rufaa ya mwisho huamuliwa na Baraza la Faragha, London.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa Morogoro

Mkuu, asante kwa somo. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini wajumbe wanne wachaguliwe na kisiwa kizima, wakati majimbo tayari yapo? Pili, je, kuna halmashauri au serikali za mitaa, au mbunge ndiye kila kitu?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Morogoro, maswali yako yote mawili yanatokana na udogo wa kisiwa, kwa hiyo nitayajibu pamoja.

Serikali za mitaa hakuna. Hakuna meya, hakuna diwani, hakuna halmashauri ya The Valley. Watu 15,000 wakigawanywa katika majimbo 7, ambayo ni Island Harbour, Sandy Hill, Valley North, Valley South, Road North, Road South na West End, unapata wastani wa watu wapatao 2,000 kwa jimbo, watoto wakiwamo. Mbunge anawajua wapigakura wake kwa majina na kwa koo, nao wanajua nyumbani kwake. Taa ya barabarani ikizimika, anaambiwa yeye. Kijana akikosa ufadhili wa masomo, mama yake humwendea yeye, na pengine yeye ndiye waziri mwenye dhamana. Ukaribu huo una faida zake, lakini katika hali hiyo ni vigumu sana kutenganisha haki ya raia na fadhila ya mkubwa.

Sasa tazama hesabu ya zamani. Kabla ya marekebisho ya 2019, waliochaguliwa walikuwa 7 tu, na pembeni yao walikuwapo wajumbe wawili wa kuteuliwa. Ili kuunda serikali ulihitaji wajumbe 4 kati ya 7. Katiba iliruhusu Waziri Kiongozi na mawaziri wasiozidi watatu, jumla yao 4. Maana yake ni kwamba chama kilichoshinda kwa wingi mwembamba kilikuwa na uwaziri kwa kila mbunge wake, asibaki hata mmoja wa kukaa viti vya nyuma na kuihoji serikali yake kwa uhuru. Na mmoja tu akikasirika, serikali imeanguka.

Hayo si mambo ya kubuni. Mwaka 1977 Webster mwenyewe, shujaa wa 1967, aliondolewa kwa hoja ya kutokuwa na imani naye, na Emile Gumbs akachukua nafasi yake. Webster akarudi kwa uchaguzi wa 1980, kisha Gumbs akarudi 1984. Mwaka 1999 serikali ya muungano ya Hubert Hughes ilivunjika kwa ndani, Bunge likakwama, na wapigakura wakarudi vituoni Machi 2000, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa Machi 1999.

Wajumbe wanne wa kisiwa kizima waliletwa kutibu mambo hayo mawili kwa pamoja: kupanua Bunge, na kuwapa nafasi wanasiasa wanaotafuta ridhaa ya watu wote badala ya ukoo na jimbo. Katika uchaguzi, kila mpigakura humchagua mmoja wa jimbo lake, na anaweza kuchagua hadi wanne katika karatasi ya kisiwa kizima. Mfumo huo ulitumika mara ya kwanza tarehe 29 Juni 2020, chama cha APM cha Ellis Webster kilipopata viti 7 kati ya 11. Tarehe 26 Februari 2025 mambo yaligeuka: chama cha AUF kilipata viti 8, na kiongozi wake Cora Richardson-Hodge akawa mwanamke wa kwanza kushika cheo cha Premia. Kila mara serikali imekabidhiana madaraka kwa amani, na hilo kwa kisiwa kilichowahi kufukuza polisi kwa mtutu si jambo dogo.

Maoni yangu ni kwamba mfumo wa sasa ni bora kuliko ule wa zamani, lakini una kasoro ya hisabati. Karatasi ya wagombea wanne humpa mpigakura wa chama nafasi ya kuchagua wote wanne wa chama chake, kwa hiyo chama chenye wingi mdogo wa kura kinaweza kuzoa viti vyote vinne. Waliotaka sauti pana zaidi bungeni wangefaa kufikiria kugawa viti kwa uwiano wa kura.

Mchangiaji wa Mombasa

Hapo kwenye Gavana kuwa mwenyekiti wa mawaziri ndipo ninapokwama. Kwa kusema kweli, huo si ukoloni ule ule wa Baraza la Kutunga Sheria la enzi za wazee wetu? Sisi Kenya tulipitia hatua hiyo, Gavana akiwa kichwani na wajumbe waliochaguliwa wakiwa wachache wa kushauri, na hakuna aliyetuambia ni demokrasia.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, mfanano upo na sitaukataa. Tofauti kubwa ni mbili. Wajumbe waliochaguliwa ndio wengi katika Bunge, na katika mambo ya elimu, afya, ardhi, utalii, kodi na miundombinu Gavana hana njia ya kawaida ya kuwapiku. Akitaka kwenda kinyume na ushauri wao anahitaji idhini ya waziri husika wa London, na jambo hilo huleta kelele kubwa ya kisiasa pande zote mbili za bahari. Tofauti ya pili ni kwamba hakuna tabaka la walowezi linalolindwa na mfumo huu. Mawaziri, majaji wa mahakama ya chini, walimu wakuu, makatibu wa wizara, wengi wao ni Waanguilla.

Hata hivyo unapouliza mamlaka ya mwisho yako wapi, jibu haliko The Valley. Katiba yenyewe ni amri iliyotolewa na Mfalme katika Baraza lake London, na inaweza kubadilishwa kwa amri nyingine ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1991 Uingereza ilifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji katika maeneo yake ya Karibi, Anguilla ikiwamo, kwa njia ya amri. Mwaka 2018 Bunge la London lilipitisha sheria iliyotaka maeneo yake ya ng'ambo yafungue kwa umma rejista za wamiliki halisi wa kampuni, na viongozi wa maeneo hayo walilalamika kwamba jambo la uchumi wao limeamuliwa bila wao. Mtu anaweza kuunga mkono mambo yote mawili, kama ninavyoyaunga mkono, na bado akaona tatizo katika njia iliyotumika.

Kwa mfano mkali zaidi tazama wenzao wa Turks na Caicos, eneo jingine la Uingereza. Agosti 2009, baada ya uchunguzi wa tuhuma za rushwa, London ilisimamisha serikali ya mawaziri na Bunge, ikamwachia Gavana kutawala peke yake hadi uchaguzi wa Novemba 2012. Anguilla haijafikwa na hilo tangu katiba ya 1982, lakini kila mwanasiasa wa huko anajua kwamba mlango huo upo na ufunguo hauko kwake.

Mchangiaji wa Pemba

Asalaam alaykum. Mimi nauliza kwa moyo wa mtu wa kisiwani. Anguilla ina mbunge wake London? Maana kama maamuzi makubwa yako huko, angalau sauti moja ingekuwapo ndani ya nyumba hiyo.

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hapana, haina hata mmoja. Ndiyo sehemu ya mfumo huu ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote kuitetea.

Tena mfano wa namna nyingine hauko mbali. Ukisimama katika bandari ya Blowing Point, upande wa kusini wa Anguilla, unakiona kisiwa cha Saint Martin ng'ambo ya maji. Kisiwa hicho kimegawanyika mara mbili. Upande wa Ufaransa ni sehemu ya jamhuri yenyewe: wakazi wake wana seneta Paris, na kwa pamoja na Saint Barthélemy humchagua mbunge mmoja wa Bunge la Taifa. Upande wa kusini, Sint Maarten, tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni nchi kamili ndani ya Ufalme wa Uholanzi, yenye waziri mkuu wake na mawaziri wanaokutana bila gavana kukalia kiti cha mwenyekiti. Kwa hiyo ndani ya mwendo mfupi wa boti kuna njia tatu tofauti za kisiwa kidogo kuishi na dola kubwa. Wafaransa wametoa uwakilishi na kuchukua usawa wa sheria. Waholanzi wametoa mamlaka ya ndani kwa upana. Waingereza wamebaki katikati, wakitoa mamlaka ya ndani yenye mipaka na bila uwakilishi.

Walichokipata Waanguilla ni uraia. Tangu Mei 2002 sheria ya Uingereza imewapa watu wa maeneo ya ng'ambo uraia kamili, wanaweza kuishi na kufanya kazi Uingereza. Kisiwani kwenyewe, hata hivyo, raia wa kawaida kutoka London hawezi kwenda kugombea ubunge kwa paspoti yake tu. Katiba ina hadhi maalumu ya mtu wa Anguilla, inayotokana zaidi na kuzaliwa, wazazi, ndoa au ukaazi wa muda mrefu, na hadhi hiyo ndiyo msingi wa haki za kisiasa. Kwa kisiwa cha watu 15,000 chenye ufukwe unaotamaniwa na matajiri wa dunia, kinga hiyo naiona ni ya lazima.

Mchangiaji wa Dodoma

Wakuu, tuingie kwenye fedha. Serikali inayoitwa ya kujitawala hupimwa kwa bajeti. Nani anaamua bajeti ya Anguilla?

Mwanzisha uzi

Hapa ndipo pana uzito, nami nitachukua nafasi kidogo.

Kisheria bajeti ni ya Waziri wa Fedha wa huko na Bunge lake. Kodi ya mapato ya mtu binafsi kwa maana tuliyoizoea haipo; serikali imeishi kwa ushuru wa forodha, utalii, ada mbalimbali, na kodi ya bidhaa na huduma iliyoanza Julai 2022 kwa asilimia 13, ambayo iligeuka kuwa mada moto ya siasa. Uingereza haichukui kodi yoyote kutoka kisiwani. Lakini imeweka vigezo vya ukopaji: deni halisi lisizidi asilimia 80 ya mapato ya kawaida, gharama ya kulihudumia isizidi asilimia 10 ya mapato hayo, na akiba iliyo tayari isipungue asilimia 25 ya matumizi ya kawaida. Eneo likivuka vigezo hivyo, mikopo na bajeti yake huhitaji idhini ya London. Kwa hiyo uhuru wa kifedha wa Anguilla hupanuka na kupungua kulingana na afya ya hazina yake, bila hata neno moja la katiba kubadilika.

Miaka ya 2010 ulipungua sana. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulikausha utalii na ujenzi wa hoteli, na serikali ya Hubert Hughes ikavutana hadharani na Gavana kuhusu bajeti. Agosti 2013 benki mbili za wenyeji zilishindwa kusimama, na Benki Kuu ya Karibi ya Mashariki ikazitwaa. Benki Kuu hiyo ndiyo inayotoa dola ya Karibi ya Mashariki, iliyofungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 2.70 tangu 1976. Makao yake yako Basseterre. Waanguilla walijiondoa katika serikali ya Saint Kitts, lakini sarafu yao na hatima ya akiba zao zilibaki katika chombo kilicho katika mji ule ule, ingawa ni chombo cha pamoja cha kanda. Suluhisho la benki hizo lilipatikana Aprili 2016, na serikali ikabeba deni kubwa. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Septemba 2017, kimbunga Irma kikapiga kisiwa, kikaharibu shule, hospitali na kituo cha boti cha Blowing Point. Uingereza ilitoa pauni milioni 60 za ujenzi mpya. Msaada wa kiasi hicho kwa watu wachache namna ile si jambo la kubeza, na ndiyo sababu mojawapo kwa nini hoja ya uhuru haipati wasikilizaji wengi.

Kisha ikaja riziki ambayo hakuna aliyeitarajia. Zamani, maeneo yalipogawiwa herufi mbili za anwani za intaneti, Anguilla ilipata .ai. Kwa miaka mingi herufi hizo hazikuwa na thamani kubwa. Programu za akili bandia zilipoanza kuitikisa dunia, kila kampuni ya fani hiyo ikataka anwani yenye herufi hizo. Mwaka 2023 serikali ilipata kutoka humo takriban dola milioni 32 za Marekani, kama sehemu moja ya tano ya mapato yake yote. Linganisha na watu 15,000. Athari yake ya kikatiba ni kubwa kuliko inavyoonekana: serikali yenye fedha zake inaweza kushusha deni, kurudi ndani ya vigezo, na kupanga bajeti bila kusubiri barua kutoka London. Ninaloliomba kwa viongozi wao ni kuziweka fedha hizo katika akiba na miundombinu badala ya mishahara, kwa kuwa mtindo wa majina ya intaneti unaweza kupita kama ulivyopita mtindo wa chumvi.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Naongeza kitu kinachotuhusu. Anguilla imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo 17 ambayo hayajajitawala, na chombo kinachoisimamia orodha hiyo ni Kamati Maalumu ya Kuondoa Ukoloni, wengi wanaiita Kamati ya 24. Tanzania ni mjumbe wake, na mwanadiplomasia wetu Dkt. Salim Ahmed Salim aliwahi kuwa mwenyekiti wake katika miaka ya 1970. Je, kamati hiyo ina msaada wowote kwa watu wa Anguilla, ikiwa wenyewe hawadai uhuru?

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa kulileta hilo. Kamati ilipokuwa chini ya Dkt. Salim ilikuwa na kazi nzito ya Msumbiji, Angola, Guinea-Bissau, Zimbabwe na Namibia, mahali ambapo watu walikuwa wakifa kwa kudai nchi yao. Anguilla ni suala la aina nyingine, na Uingereza ilijitoa katika Kamati hiyo mwaka 1971, kwa hiyo nguvu yake juu ya London ni ndogo.

Msaada wake uko katika kanuni moja ambayo watu huisahau. Umoja wa Mataifa, tangu azimio namba 1541 la mwaka 1960, unatambua njia tatu za eneo kutoka katika ukoloni: kuwa nchi huru, kushirikiana kwa hiari na nchi huru, au kujiunga nayo kwa usawa. Anguilla ya sasa haiko katika yoyote kati ya hizo. Ile ya pili iliwahi kujaribiwa mwaka 1967 na ikawa balaa, kwa sababu waliopewa ushirikiano huo walikuwa visiwa vitatu kwa pamoja, na kimoja kilikuwa hakijaulizwa. Kisiwa hicho sasa kina katiba yake, Bunge lake na mapato yake. Hakuna tena Basseterre ya kuogopwa.

Kwa hiyo mimi naona madai yanayowafaa ni mahususi zaidi kuliko neno uhuru: Premia aongoze Baraza la mawaziri wake mwenyewe, London iweke katika maandishi kwamba haitabadilisha katiba bila mashauriano na kura ya watu wa kisiwani, na huduma za kifedha zirudi mikononi mwa serikali iliyochaguliwa, Gavana akibaki na ulinzi, mambo ya nje na ulinzi wa uhuru wa mahakama na wa ukaguzi wa hesabu. Katika polisi ningekwenda taratibu. Katika kisiwa ambako mkuu wa kituo anaweza kuwa binamu wa waziri, kuna faida ya kweli kwa kamanda wa polisi kutowajibika kwa mwanasiasa wa karibu.

Mchangiaji wa Mombasa

Hapo kwenye polisi sikubaliani nawe, Mkuu. Ukisema udogo wa nchi ni sababu ya kumpa mgeni polisi, basi visiwa vyote vidogo vilivyo huru, Saint Kitts yenyewe ikiwamo tangu ilipopata uhuru mwaka 1983, vimekosea. Tatizo la kupendeleana kindugu hutibiwa kwa tume huru ya polisi yenye wajumbe kutoka kanda nzima, kama walivyofanya katika mahakama. Wameweza kuwa na majaji wa pamoja kutoka Castries. Hawashindwi kuwa na tume ya pamoja ya nidhamu ya polisi.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, pendekezo lako ni zuri kuliko langu, na lina msingi katika jambo ambalo tayari wanalo. Anguilla ni mjumbe mshiriki wa Jumuiya ya Nchi za Karibi ya Mashariki, na tangu 1999 ni mjumbe mshiriki wa CARICOM, yaani Jumuiya ya Karibi. Mahakama, sarafu na usimamizi wa benki tayari ni vya pamoja. Tume ya kanda ya polisi ingewaondolea Waanguilla hofu ya ukoo bila kumwachia Gavana madaraka hayo, na Uingereza ingekosa sababu yake kubwa ya kuendelea kuwasimamia polisi. Kikwazo ni kwamba ingehitaji makubaliano ya serikali za kanda, pamoja na ile ya Saint Kitts na Nevis, na wazee waliokuwapo tarehe 30 Mei 1967 bado wako hai kisiwani. Siku hiyo ndiyo sikukuu kuu ya taifa, Siku ya Anguilla, na kila mwaka huadhimishwa kwa mashindano ya mashua ya kuzunguka kisiwa. Kuwaambia kwamba mtu wa Basseterre atakuwa tena na neno juu ya polisi wao, hata kwa kura moja kati ya tisa, kutahitaji maelezo ya subira.